Wanariadha wasichana wasifiche maumivu kwa vidonge

Maumivu ni taarifa ya mwili. Msichana anayemeza kidonge ili amalize mbio huinyamazisha taarifa hiyo, huku jeraha likizidi kukua.

Ibuprofeni na diklofenaki, zinazouzwa katika maduka ya dawa, hupunguza maumivu na uvimbe. Hata hivyo, zikitumiwa mara kwa mara zaweza kusababisha vidonda vya tumbo, na mwanariadha aliyepungukiwa maji mwilini huhatarisha figo zake. Parasetamo ikizidi huharibu ini. Mtu mzima hapaswi kuvuka gramu 4, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, kwa saa 24. Tramadoli huweza kumfanya mtumiaji awe tegemezi, na tangu Januari 1, 2024 imepigwa marufuku wakati wa mashindano na Shirika la Kimataifa la Kupambana na Dawa za Kusisimua Misuli (WADA).

Kwa wasichana ipo hatari zaidi. Anayefanya mazoezi makali bila chakula cha kutosha anaweza kukosa hedhi, mifupa ikadhoofika na kupata nyufa. Akiendelea kukimbia kwa nguvu ya kidonge, ufa huweza kugeuka mvunjiko.

Kinga huanzia kwa kocha. Asigawe dawa, aulize kuhusu maumivu, mlo na hedhi bila kumwaibisha msichana, wala asimwadhibu kwa kusema ukweli. Mzazi naye ampeleke hospitali anapokosa hedhi kwa miezi 3 mfululizo, au maumivu ya mfupa yasipoisha.