Hii stori ya Gikuyu na Mumbi inampa nani shamba?

Wasee, Desemba iliyopita nilikaa kwenye mkutano wa familia kwa guka, huko Tetu, nikaona hadithi ya kale ikifanya kazi ya wakili.

Guka alituacha miaka miwili iliyopita. Shamba ni ekari tatu: majani chai upande wa juu, kahawa kidogo na nyasi ya ng'ombe upande wa mto. Aliacha watoto watano, wavulana watatu na wasichana wawili, na mama yangu ndiye kitinda mimba. Mama hakuolewa. Alinilea hapo hapo, akichuma majani chai nikiwa mgongoni. Siku hiyo alisimama akaomba sehemu yake. Anko mkubwa hata hakupandisha sauti. Alitabasamu tu, akasema, "Wanawake walishawahi kutawala. Si tunajua iliishaje?" Wazee wakacheka. Mama akaketi.

Kama umekulia huku mlimani unajua alimaanisha nini. Kama hujui, nipe dakika mbili.

Hadithi inasema Ngai alimpandisha Gikuyu juu ya Kirinyaga, mlima ambao leo tunauita Mlima Kenya, akamwonyesha nchi yote: mito, mabonde, misitu. Akamwambia, hii ni yako. Akamtuma mahali penye mikuyu mingi, Mukurwe wa Nyagathanga, ambapo leo ni Murang'a, na huko akamkuta Mumbi. Sikiliza hayo majina vizuri. Mukuyu ni mti, Kiswahili mkuyu. Mumbi ni yule anayeumba, neno lile lile tunalotumia Kiswahili. Wakazaa mabinti tisa. Wengine wanasema kumi, lakini ukihesabu watu kamili unaita mkosi, kwa hivyo tunasema "kenda muiyuru", tisa iliyojaa. Gikuyu akatoa sadaka chini ya mti, vijana tisa wakatokea, wakaoa. Sharti lilikuwa moja: waishi kwa mkwe, na ukoo ufuate mama. Ndiyo sababu koo zetu mpaka leo zina majina ya wasichana: Anjiru kutoka kwa Wanjiru, Ambui kutoka kwa Wambui, na wengine.

Halafu inakuja ile sehemu ya anko. Ati wanawake walitawala, wakawa wakali, wakaolewa na waume wengi kwa mpigo. Wanaume wakapanga njama: wawatie wote mimba wakati mmoja. Miezi ilipofika sita, wanawake wakiwa wazito, wanaume wakapindua serikali. Tangu hapo mwanamume ndiye mwenye boma na ndiye mwenye shamba.

Sasa, ukiniuliza kama ilitokea hivyo, nitakuambia wanahistoria hawaanzi na mtu mmoja na mke wake. Wanasema mababu zetu, wasemaji wa lugha za Kibantu, walifika huku kidogo kidogo kwa karne kadhaa, wakachanganyika na wawindaji waliowakuta, wakaoana na Wamaasai. Ushahidi wa hayo mapinduzi ya waja wazito hakuna. Lakini hilo swali la "ni kweli ama ni uongo" ndilo limetupoteza. Anko hakuwa anatoa ushahidi. Alikuwa anafunga mlango, na mlango ulifungika.

Chuo nilikiacha mwaka wa pili karo ilipokwama, lakini kuna somo moja halikuniacha. Kulikuwa na msomi aliyeitwa Bronisław Malinowski, Mpoland aliyefundisha London. Mwaka 1926 aliandika kwamba hadithi za asili si sayansi ya watu wasiojua sayansi. Ni hati. Zinatoa idhini: nani ana haki ya ardhi, nani atawale, nani akae nyuma. Hati, wasee. Kama ile ya shamba.

Na mwanafunzi wake mmoja alikuwa kijana kutoka kwetu anayeitwa Jomo Kenyatta. Mwaka 1938 Kenyatta alitoa kitabu, Facing Mount Kenya, na humo akaisimulia hadithi ya Gikuyu na Mumbi. Angalia wakati. Walowezi walikuwa wameshachukua mashamba mazuri Kiambu na kwingineko, na miaka minne tu nyuma tume ya ardhi ya serikali ya kikoloni ilikuwa imetoa ripoti iliyotia muhuri hayo mambo. Ukisimama London mwaka 1938 ukasema Ngai mwenyewe alitupa nchi hii juu ya mlima, hujasimulia ngano ya watoto. Umeweka hati yako mezani mbele ya mtu anayedai wewe huna hati.

Lakini kitabu hicho hicho kina ile stori ya wanawake kupinduliwa. Mahali pamoja kinamwambia mzungu shamba hili si lako. Mahali pengine kinamwambia mama yangu vivyo hivyo.

Baadaye hadithi iliingia msituni. Kwenye vita vya Mau Mau, watu waliapa kwa jina la Gikuyu na Mumbi, na wapiganaji walisali wakiwa wameelekea Kirinyaga. Dedan Kimathi, mtu wa Tetu hapa hapa, alikamatwa Oktoba 1956, akanyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Wengi wetu jina lake tunalijua kwa barabara na chuo kikuu. Tunaowasahau ni akina Muthoni wa Kirima, mwanamke pekee aliyefikia cheo cha Field Marshal, ambaye nywele zake za msituni hazikukatwa mpaka 2022. Alifariki mwaka uliofuata. Niambie, aliyesema utawala wa wanawake uliisha zamani alimwambia lini Muthoni?

Halafu 1969. Tom Mboya aliuawa Nairobi tarehe 5 Julai. Miezi iliyofuata watu wa huku walibebwa kwa malori mpaka Gatundu, nyumbani kwa rais, wakala kiapo kwamba utawala hautatoka nyumba ya Mumbi. Makanisa yakapinga. Hebu ona hapo: hadithi iliyokuwa hati ya watu walionyang'anywa, miaka sita tu baada ya uhuru imekuwa ukuta wa kuwafungia nje Wakenya wengine. Maneno yale yale, mlima ule ule. Aliyebadilika ni anayesimulia na anachotaka. Na mpaka leo, kila uchaguzi ukikaribia, utasikia mtu na kipaza sauti akikuita mtoto wa Mumbi kabla hajakuambia bei ya mbolea itashuka vipi.

Usidhani ni sisi tu. Kilwa wanasimulia kwamba mwana wa mfalme kutoka Shirazi alikinunua kisiwa kwa nguo, nguo za kutosha kukizunguka chote. Ukisikiliza kwa makini hiyo ni risiti: tumelipa, kwa hivyo tunatawala. Ethiopia walienda mbali zaidi. Katiba ya Haile Selassie ya 1955 iliandika kabisa kwamba ukoo wake unatoka kwa Menelik, mwana wa Malkia wa Sheba na Mfalme Suleimani. Hadithi ikawa sheria. Mwaka 1974 wanajeshi wakamwondoa, na Suleimani hakusaidia.

Hapa kuna wenzangu watasema basi tutupe hizi stori zote, ni za ushamba. Mimi sikubali, na sababu yangu iko hapa karibu. Wangari Maathai alizaliwa Ihithe mwaka 1940. Akiwa mtoto, mama yake alimkataza kuokota kuni kwenye mugumo, kwa kuwa ni mti wa Mungu. Alipokua na kusoma baiolojia, akaelewa kwamba mizizi ya ile miti inaenda chini sana, inashika udongo wa miteremko na kusaidia maji kutoka kama chemchemi. Mugumo ulipoacha kuwa mtakatifu, shoka likaingia, na udongo ukafuata mto. Hadithi ilikuwa inalinda maji ya watu ambao hawakuwa na neno la kitaalamu la kulieleza jambo hilo. Ukiitupa bila kuuliza ilikuwa inafanya kazi gani, utakuja kuilipia.

Kwa hivyo swali langu siku hizi si "ni kweli?" Ni "inafanya kazi gani, na inamfanyia nani?"

Turudi kwenye mkutano. Baada ya mama kuketi kulikuwa na kimya, unajua kile kimya cha watu wanaosubiri chai. Shosho alikuwa kwenye kiti chake karibu na mlango. Hajasoma kitabu cha Kenyatta. Akamuuliza anko, "Wewe ni wa ukoo gani?" Anko akajibu, "Anjiru." Shosho akasema, "Wanjiru alikuwa mwanamume?"

Hakuna aliyecheka.

Kisha akamalizia ile hadithi, kwa sababu ina mwisho ambao anko huwa anauruka. Wanaume walipochukua utawala walitaka pia kubadilisha majina ya koo. Wanawake wakakataa. Wakasema mkigusa majina hatutazaa tena, na wavulana tuliozaa tutawaua. Wanaume wakaogopa, wakayaacha. "Mlichukua utawala," shosho akasema, "lakini mlango mlioingilia duniani bado una jina la mwanamke. Na huyu anauliza ekari ngapi?"

Sitakudanganya kwamba anko alilia akatoa shamba. Alisema tutaongea siku nyingine. Lakini mama hakungoja hiyo siku nyingine. Januari alienda kortini Nyeri kuuliza habari za urithi, kwa sababu sheria ya urithi ya Kenya, inayotumika tangu 1981, ikisema mtoto haimaanishi mvulana peke yake, na Katiba ya 2010 inakataza ubaguzi wa kijinsia kwenye ardhi. Kesi bado inaendelea. Anko hatusalimii.

Nilimuuliza mama ni nini kilimpa nguvu, sheria ama maneno ya shosho. Akasema sheria aliijua miaka mingi. Alikuwa na haki kwenye karatasi, lakini kila akitaka kufungua mdomo alisikia kicheko cha wazee. Ilibidi kwanza mtu aijibu ile stori.

Sasa wewe, wikendi ukienda ushago, waulize wazee ukoo wenu unaitwa nani na kwa nini. Wakikusimulia, usiondoke katikati. Sikiliza mpaka mwisho, halafu uliza ni sehemu gani wameiruka.