Mwenyekiti tunayemruka: Said El Maamry na FAT, 1973-1986

Ndugu zangu, kila tukiizungumza Taifa Stars ya 1980 tunakimbilia bao la Peter Tino kule Ndola, 1979. Haki yake, maana sare ile ya 1-1 na Zambia, baada ya kuwafunga 1-0 nyumbani, ndiyo iliyotupeleka Lagos. Lakini FAT ilikuwa na mwenyekiti bwana, naye hatumtaji: Said El Maamry, mwanasheria, aliyekishika chama toka 1973 mpaka 1986.

Miaka 13! Mwaka 1974 peke yake Stars ilichukua Chalenji, na Simba ikafika nusu fainali ya Klabu Bingwa Afrika, ikatolewa na Mehalla ya Misri kwa penalti. Lagos tulifungwa na Nigeria 3-1, Misri 2-1, tukatoka 1-1 na Ivory Coast. Pointi moja tu, halafu tukakaa hadi 2019 ndipo tukarudi fainali hizo.

Wapo watakaosema sifa ni ya serikali, kwani Baraza la Michezo lilikuwepo tangu 1967 na siku zile chama gani cha michezo kilijiendea chenyewe? Kweli. Ila mimi naona uongozi wa mpira ni kazi ya makaratasi: kanuni, usajili, rufaa, mikataba. Hapo ndipo mwanasheria yuko nyumbani. Mfungaji ana picha na simulizi. Wakili ana mafaili, na mafaili ya FAT ya miaka ile ndiyo tungeanza kuyatafuta kabla mchwa hawajamaliza.