Shirley Chisholm na neno "isipokuwa"

Ukimtaja Shirley Chisholm, wengi watakuambia alikuwa mwanamke mweusi wa kwanza kuchaguliwa katika Kongresi ya Marekani, na kwamba 1972 aliwania tiketi ya urais ya chama cha Democratic. Ni kweli. Lakini miaka ninayoirudia mimi ni ile minne ya kabla ya hapo, 1965 hadi 1968, alipokuwa mjumbe tu wa Bunge la Jimbo la New York. Hiyo haichapishwi kwenye fulana.

Alitoka Brooklyn, na mtaa aliouwakilisha ni Bedford-Stuyvesant. Mamake, mhamiaji kutoka Barbados, alishona nguo na kufanya kazi kwa nyumba za watu. Babake, mzaliwa wa Guyana, alikuwa kibarua wa kiwanda. Yeye mwenyewe alifundisha watoto wa chekechea. Alipofika Albany, makao makuu ya jimbo, alijua vizuri nani hulala njaa mshahara ukichelewa.

Usimfikirie kama MCA wetu anayegombania taa za barabarani. Jimbo la Marekani hutunga sheria zake za kazi na kuendesha vyuo vyake, kwa hivyo mjumbe anaweza kugusa bajeti ya jikoni moja kwa moja.

Tuanze na mboch. Miaka ya 1930, uchumi ukiwa umeanguka, serikali ya Franklin Roosevelt ilileta sheria zinazosifiwa hadi leo. Ile ya 1935 ilianzisha pensheni na mpango wa bima ya kukosa kazi. Ya 1938 iliweka mshahara wa chini kabisa. Kila mtu ashangilie, isipokuwa wafanyakazi wa nyumbani na wa mashambani. Hao waliachwa nje, na hizo ndizo kazi zilizokuwa zimewabeba Wamarekani weusi wengi, hasa kusini.

Hebu fikiria maana yake. Bima ya kukosa kazi ni mfuko ambao mwajiri huuchangia. Ukiachishwa kazi, unalipwa kidogo kila wiki ukitafuta nyingine. Karani akifutwa, alikuwa na pa kushika. Mwanamke aliyepiga pasi mashati ya huyo karani akifutwa, alirudi nyumbani mikono mitupu, na kodi ya nyumba haingoji mtu. Akiwa Albany, Chisholm alisukuma na kupata sheria ya kuwaingiza wafanyakazi wa nyumbani kwenye bima hiyo. Hakujenga kitu cha kukata utepe. Alitafuta neno "isipokuwa" akalifuta.

Alifanya hivyohivyo kwa elimu. Vyuo vya umma vya Jiji la New York havikutoza karo wakati huo. Karo ilianza 1976. Unaweza kudhani basi mlango ulikuwa wazi. Wapi! Watoto wa mitaa maskini walitoka shule mbovu, alama zikawa hazitoshi, na hata aliyeingia alihitaji nauli na chakula. Chisholm alikuwa miongoni mwa wajumbe waliopigania SEEK, mpango ulioingia kwenye sheria ya jimbo 1966. Ulichukua wanafunzi wa aina hiyo, ukawapa masomo ya kuziba mapengo, washauri na posho. Mpango huo upo hadi leo. Mimi niliyeacha chuo njiani nauelewa bila kuelezwa: karo ni gharama moja tu kati ya nyingi.

Alipohamia Kongresi 1969, alienda na faili lilelile. Ilipofika 1974, mshahara wa chini wa taifa ukawafikia wafanyakazi wa nyumbani, miaka 36 baada ya sheria yenyewe. Na hata hapo, "isipokuwa" nyingine ikapenya: wanaokaa na wazee na wagonjwa majumbani waliachwa nje. Kanuni ya kuwaingiza wengi wao ilitolewa 2013. Chisholm alikuwa amefariki 2005.

Sisi Juni 2024 tulisoma Mswada wa Fedha mstari kwa mstari. Tulijua VAT ya asilimia 16 kwa mkate iko wapi. Tarehe 25 watu wakaingia Bungeni, vijana wakauawa, na siku iliyofuata rais akakataa kutia sahihi. Tulijifunza kusoma kilichoongezwa. Chisholm alisoma pia nani ameachwa.

Kwa karatasi, mboch wa Nairobi hajaachwa. Agizo la mishahara lililoanza Novemba 2024 lilimweka katika kundi la vibarua wa kawaida: shilingi 16,113.75 kwa mwezi, kabla ya marupurupu ya nyumba. Sasa uliza kwenye ploti yenu nani analipwa hiyo. Wengine wetu tuliopiga kelele kuhusu bei ya mkate tunamlipa dada wa watu nusu yake, na tunamwambia ashukuru anakula kwetu. "Isipokuwa" yetu haijaandikwa kwenye sheria yoyote. Inapangwa kwa mdomo, sebuleni.

Mwaka 2027 mheshimiwa atakuja na unga wa kilo mbili. Pokea ukitaka. Kisha muulize nani atahakikisha agizo la mshahara linafika nyuma ya milango iliyofungwa, na usubiri ajibu kabla hajarudi kwa gari.