Sunday Manara, Mwanakandanda wa Asili ya Ujiji

Katika mwambao huu wa Ziwa Tanganyika, ambako vijana wa Katonga na Ujiji husakata kabumbu mchangani hadi magharibi, wavuvi wa dagaa wakitayarisha karabai zao, ndiko iliko asili ya ukoo wa Manara, uliolitunuku taifa ndugu watatu mahiri: Kitwana, Sunday na Kassim.

Sunday, aliyelakabiwa “Kompyuta” kwa wepesi wa fikira zake uwanjani, alidhihirisha umahiri wake Nyamagana, Mwanza, tarehe 10 Agosti 1974: Simba ilitangulia kwa bao la Adam Sabu, Gibson Sembuli akasawazisha wakati ukikaribia kwisha, kisha, katika muda wa nyongeza, Sunday akaifungia Yanga bao la ushindi, nao ubingwa wa taifa ukapatikana. Kwa rai yetu, hakuna saa iliyo adhimu zaidi katika taarikhi yake.

Mwaka 1977 alijiunga na Heracles ya Almelo, Uholanzi, akawa miongoni mwa Watanzania wa awali kabisa kucheza kandanda ya kulipwa Ulaya. Muhula wake huko ulikuwa mfupi. Baadaye alicheza Marekani, na Dubai katika klabu ya Al-Nasr.