Eye in the Sky, miaka mingi baadaye

Juzi niliweka kazi ya programu kando nikaitazama tena Eye in the Sky, filamu ya kusisimua ya Gavin Hood iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza Toronto mwezi wa Septemba 2015. Kama hujaiona, tahadhari: nitaisimulia karibu nusu.

Hadithi yenyewe iko Eastleigh, Nairobi (ingawa ilipigwa Afrika Kusini, na Mkenya atagundua mapema). Watu wa al-Shabaab wamo ndani ya nyumba wakivaa mabomu. Juu inazunguka ndege isiyo na rubani, na wanaoiendesha wameketi Nevada. Kanali, yaani Helen Mirren, yuko Uingereza, mtambuzi wa nyuso yuko Hawaii, mawaziri wako London. Chini kabisa yuko Jama, anayeigizwa na Barkhad Abdi, akirusha mbawakawa bandia mwenye kamera mpaka ndani ya nyumba ile. Mtoto anamuuliza anafanya nini na kile kidude mkononi. Ati ni mchezo!

Mwaka ule wengi waliona mbawakawa yule kuwa porojo. Si porojo sana. Wanajeshi wa Uingereza walikuwa wameshaitumia Black Hornet huko Afghanistan, kihelikopta chenye kamera kisichofika hata gramu 20.

Lakini kwa mtu wa kompyuta, utamu uko kwenye ile asilimia. Msichana anauza mkate kando ya ukuta. Kombora likirushwa, uwezekano wa yeye kufa ni kiasi gani? Kanali anataka jibu lishuke chini ya 50, na anambana askari anayepiga hesabu mpaka 45 inapatikana. Aliyewahi kuambiwa na bosi "hebu jaribu tena na namba nyingine" ataijua sura ya yule askari. Mashine haikudanganya, ilijibu ilichoulizwa.

Sasa tuje nyumbani. Tarehe 2 Aprili 2015, miezi mitano kabla ya Toronto, washambuliaji wanne waliingia Chuo Kikuu cha Garissa mnamo saa kumi na moja na nusu alfajiri. Watu 148 waliuawa, wengi wao wanafunzi. Maonyo kuhusu vyuo vikuu yalikuwa yametolewa siku chache kabla. Kikosi maalumu cha Recce kilikuwa Nairobi, na kiliripotiwa kufika karibu saa nane mchana. Waandishi wa habari waliotoka Nairobi kwa gari walikuwa wameshafika. Filamu inaamini kwamba shida ni kuona. Garissa habari zilikuwepo tangu alfajiri. Kilichokosekana ni ndege ya kawaida tu, ya kubeba askari kwa wakati. Hilo sikuliwaza nilipoitazama mara ya kwanza, nilikuwa nimeshikwa na mbawakawa.

Ndiyo maana nikaifuatisha na Watu Wote, filamu fupi ya mwaka 2017 ya wanafunzi wa Hamburg, iliyoongozwa na Katja Benrath. Ni ya Kiswahili na Kisomali, na ilifika mpaka kuteuliwa kuwania Oscar mwaka 2018. Kisa chake ni cha kweli. Novemba 2014 basi lililotoka Mandera lilisimamishwa, na abiria 28 wasio Waislamu wakatengwa na kuuawa. Desemba 21, 2015, basi jingine likielekea Mandera likasimamishwa karibu na El Wak, na amri ikawa ile ile: tenganeni. Abiria Waislamu wakakataa. Wanawake walikuwa wamewapa Wakristo mitandio yao wajifunike, na washambuliaji wakaambiwa wawaue wote au wawaache wote.

Hakuna kamera angani, hakuna waziri kwenye simu, hakuna wa kuuliza asilimia. Ukitazama zote mbili usiku mmoja, kama mimi, mabishano ya London yanaanza kuonekana marefu mno.

Washambuliaji waliondoka. Salah Farah, naibu mwalimu mkuu aliyekuwa ndani ya basi lile, alipigwa risasi, akafariki hospitalini Nairobi Januari 2016. Filamu ina dakika 22. Itafuteni.