Mama Aliye Mwalimu: Utendi wa Mwana Kupona katika Historia ya Elimu

Historia ya elimu katika Afrika ya Mashariki mara nyingi huanzia kwenye shule za wamisheni, kana kwamba hapo kabla hapakuwa na mtu aliyefikiri juu ya namna ya kumkuza mwanafunzi. Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858 katika visiwa vya Lamu, watupa sababu ya kulikataa wazo hilo.

Mwana Kupona binti Mshamu alikuwa mzaliwa wa Pate aliyeolewa na Bwana Mataka, mtawala wa Siyu. Alipoutunga utendi huu alikuwa mgonjwa, na yapata miaka miwili baadaye alifariki. Aliyekusudiwa ni bintiye, Mwana Hashima. Ni mwalimu, basi, ajuaye kwamba muda wake ni mfupi.

Jambo la kwanza analolifanya ni kumwita mtoto asogee karibu na alete wino na karatasi. Mwanafunzi huyu hamiminiwi maneno kama mtungi. Kalamu i mkononi mwake. Tendo hilo ni ushahidi wa kihistoria pia, kwani laonyesha kuwa msichana wa mwambao alitarajiwa kuweza kuandika lugha yake kwa hati za Kiarabu kabla ya kuja kwa shule za serikali ya kikoloni. Pili, mama ayaita mawaidha yake hirizi ya kufungwa kwa uzi, kisha aahidi kidani cha lulu na marijani. Mafunzo ni kitu cha kuvaliwa na kwenda nacho, mwalimu awepo asiwepo. Tatu, ataja maisha yake mwenyewe na mumewe kuwa mfano, haagizi asilolitenda.

Hapana shaka yamo yasiyokubalika leo. Radhi ya mume imehesabiwa miongoni mwa radhi tano zimpasazo mwanamke, na binti aonywa asichangamane na watumwa ila wakati wa kazi. Wahakiki wengi wameyapinga hayo, na wana haki. Lakini ubishi huo umeifunika njia ya kufundisha iliyomo utendini. Alice Werner na William Hichens walipouchapisha mwaka 1934, waliupa anwani ya Kiingereza iliyoueleza kuwa ni mawaidha juu ya wajibu wa mke. Tangu hapo imekuwa rahisi kuuliza mama alisema nini, bila kuuliza alimleaje mwanafunzi wake.

Maswali hayo mawili yafaa yatenganishwe. Mtu aweza kuyakataa maoni ya Mwana Kupona juu ya ndoa na bado akajifunza kwake kwamba mwongozo wataka ukaribu, zana mkononi mwa mwanafunzi, na mfano wa mwalimu mwenyewe.

Katika madarasa yetu utendi huu aghalabu huishia katika kuhesabu mizani nane na kutaja vina. Hayo ni ya lazima, ila hayatoshi. Mwalimu na ampe mwanafunzi nafasi ya kumjibu Mwana Kupona kwa kalamu yake, akubaliane naye au ampinge, na mwalimu awe karibu kumsahihisha, kumuuliza, na kumtia moyo mpaka hoja yake isimame.