Alama za Shule: Historia ya Vipimo Viwili, cha Ujerumani na cha Marekani

Utangulizi

Mwombaji mwenye cheti cha Marekani anapopeleka matokeo yake katika chuo kikuu cha Ujerumani, huulizwa: alama hizi kwetu ni ngapi? Swali hili laonekana kuwa la hesabu tu. Kumbe ndani yake mna historia ya zaidi ya miaka 200, na jibu lake laweza kumfungulia mtu mlango au kuufunga. Kwa kuwa kanisa letu lina wachungaji na walimu waliosoma Ujerumani na wengine waliosoma Marekani, yatupasa kuichunguza historia hiyo.

Kipimo cha Ujerumani

Mwaka 1788 serikali ya Prussia ilitoa agizo juu ya mtihani wa kumaliza sekondari, uitwao Abitur. Kuanzia 1834 mtihani huo ukawa sharti la kuingia chuo kikuu. Dola ilihitaji mahakimu, walimu na wachungaji, nayo ilitaka kujua ni nani aliyetimiza masharti. Kwa hiyo mkazo uliwekwa katika mtihani wa mwisho.

Alama bora ni 1. Mwaka 1968 mawaziri wa elimu wa majimbo ya Ujerumani Magharibi walipatana juu ya maana ya alama sita za shule. Kila alama ilielezwa kwa kuilinganisha na masharti: mwenye 4 ana kasoro, lakini kwa jumla bado anatimiza yanayotakiwa. Ujerumani Mashariki ilitumia alama 1 hadi 5 mpaka dola hiyo ilipokoma mwaka 1990. Katika vyuo vikuu, kufaulu huanzia 1.0 na kuishia 4.0.

Kipimo cha Marekani

Huko Marekani mambo yalichipuka ndani ya vyuo vyenyewe. Mwaka 1785 Ezra Stiles, mchungaji na mkuu wa chuo cha Yale, aliwapanga wanafunzi 58 katika makundi manne yenye majina ya Kilatini. 20 kati yao aliwaita optimi, yaani walio bora. Mwaka 1897 chuo cha Mount Holyoke kilianza kutumia herufi: A ilikuwa maksi 95 hadi 100, na aliyepata chini ya 75 alishindwa.

Jambo jingine ni uhuru wa kuchagua masomo, ambao Charles Eliot aliueneza Harvard baada ya kushika uongozi mwaka 1869. Wanafunzi wasiposoma masomo yale yale, hawawezi kupimwa kwa mtihani mmoja. Ndipo twaona faida ya wastani wa masomo yote, ambao siku hizi kwa kawaida huhesabiwa hadi 4.0. Basi Mmarekani hukusanya alama zake muhula kwa muhula.

Vipimo vilipokutana

Mwaka 1817 Edward Everett alipata udaktari huko Göttingen, wa kwanza miongoni mwa Wamarekani. Mwaka 1876 chuo kikuu cha Johns Hopkins kilifunguliwa kwa kufuata mfano wa Ujerumani. Hata hivyo, maneno yaliyofanana hayakubeba uzito ule ule: cum laude Ujerumani ni sifa ya udaktari, nayo iko chini ya magna na summa, Marekani hutolewa hata kwa shahada ya kwanza.

Leo Wajerumani hutumia kanuni iitwayo ya Bavaria iliyorekebishwa. Toa alama ya mwanafunzi katika alama ya juu kabisa. Gawanya kwa tofauti iliyopo kati ya alama ya juu kabisa na alama ya chini ya kufaulu. Zidisha kwa 3, kisha jumlisha 1. Tuchukue mwenye wastani wa 2.5 Marekani. Tukisema kufaulu huanzia 1.0, yaani D, atapata 2.5. Tukisema huanzia 2.0, ambao ndio wastani unaotakiwa na vyuo vingi ili kuhitimu, atapata 3.25. Kozi nyingi za uzamili Ujerumani hudai 2.5 au bora zaidi. Mtu ni yule yule, hesabu ni ile ile. Lakini mara moja anapokelewa, mara nyingine anakataliwa.

Tena kanuni haijui desturi za masomo. Katika mtihani wa dola wa sheria, Ujerumani hutumia pointi 0 hadi 18, na mwenye 9 huhesabiwa kuwa na heshima kubwa. Huko Harvard, ilitangazwa mwaka 2013 kwamba alama iliyotolewa mara nyingi zaidi ilikuwa A. Nusu ya pointi zote kwa mmoja yaweza kuwa adimu kuliko A ya mwingine.

Hitimisho

Mfasiri wa Maandiko halitafsiri neno pasipo muktadha wake. Wala alama isitafsiriwe hivyo. Mwaka 2009 mwongozo wa vyuo vya Ulaya ulishauri kwamba alama ziambatane na jedwali linaloonyesha ni asilimia ngapi ya wanafunzi walipata kila alama. Nasi twashauri kwamba vyuo vyetu viandike katika kila cheti alama ya juu kabisa, alama ya kufaulu na jedwali la namna hiyo. Nazo kamati za ajira na za udhamini ziyasome hayo kabla ya kushika kikokotoo. Hiyo ndiyo haki anayostahili mtu ambaye miaka yake ya kusoma imefupishwa kuwa tarakimu mbili.